Fundi Taratibu na Chumba cha Matairi

Mara ya kwanza kukutana na Fundi Taratibu nilimtajia nusu ya bei aliyoitaja yeye ya kutengeneza kigari changu, kama ninavyomfanyia kila mtu, na yeye akaendelea kufuta bolti. Hakukasirika wala hakucheka. Nikaongeza kidogo. Akachukua bolti nyingine. Nikafanya kile ambacho kimenilisha miaka yote hii: nikageuka nikaelekea langoni kwa mwendo wa mtu asiyehitaji kitu, huku nikisubiri kuitwa. Nikafika barabarani bila kuitwa. Nilipotazama nyuma, alikuwa ameinua mkono ananiaga kwa upole kabisa, kana kwamba nilikuja kumsalimia tu.

Siku ile nilipita kwa mafundi wengine watatu. Wa kwanza alisema injini imekufa. Wa pili akasema injini ni nzima, tatizo ni betri, na betri anayo yeye. Wa tatu alitaka kuifungua kwanza ndipo ajue anachofungua. Saa tisa nikarudi kwa Taratibu, nikakuta bei ni ileile, nikalipa huku nimenuna. Kigari changu kilitoka kwake kimetulia, hakikohoi wala hakitetemeki, nikakiuza kesho yake. Tangu hapo nikawa mteja wake, na tangu hapo akawa ananiudhi. Kwangu mimi biashara ni maongezi, na yule bwana ukimtajia bei yako ni kama umeongea na mlango.

Mimi nilianza, nikiwa msichana, kwa kuuza vifuniko vya magurudumu nilivyookota na kuvisugua kwa majivu hadi vikang'aa. Leo nina yadi ya magari yaliyotumika, yenye ukuta, lango na bango. Hakuna aliyenipa hata kokoto moja ya ile yadi. Nayasema haya ili ieleweke kwamba mtu wa kunishinda kwenye mapatano si mtu wa kila siku.

Jina la Taratibu alipewa na mafundi wenzake kwenye gereji ya malori alikofanya kazi miaka minane, na hawakumpa kwa kumsifu. Kabla ya kufungua nati moja hutandika shuka jeupe chini, kando ya gari. Kila kinachotoka kwenye injini hulala juu ya shuka mahali palepale kilipokuwa: cha kushoto kushoto, cha nyuma nyuma, na bolti zake kando yake. Ukisimama juu ukatazama, unaona injini nzima imelala chali. Kazi ikiisha, shuka lazima liwe tupu. Hulikung'uta, hulikunja, ndipo awashe gari.

Mashuka yenyewe humletea mke wake, ambaye ni mfuaji hospitalini. Yakichakaa hadi hayafai tena kitanda cha mgonjwa, huyaomba kwa mkubwa wake na kuyabeba nyumbani. Mama huyo ana maneno. Aliniambia kwamba mashuka yale yamelala na magari mengi kuliko wagonjwa, na kwamba yeye mwenye mume analalia godoro tupu.

Sababu ya mashuka ni nati moja. Kule kwenye malori, siku moja alikuwa na haraka kama sisi wengine, nati ikamponyoka ikaingia kwenye mdomo wa turbo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili iisukumie injini hewa kwa nguvu, na inazunguka kwa kasi ambayo jicho haliioni. Hakujua kama nati imeingia. Waliwasha. Anasema sauti ile ilidumu muda wa kupiga chafya moja tu, na lori likakaa gereji miezi mitatu, na yeye akakaa nyumbani miezi mitatu. Aliporudi alirudi na shuka.

Sasa mtu huyo, anayeogopa chembe ya mchanga kwenye injini, ile gereji ya malori ilipofungwa alipata nafasi ya kufanyia kazi wapi? Nyuma ya karakana ya maseremala. Randa ikianza, vumbi la mbao linatua kwenye kila kitu: shuka, spana, kikombe cha chai, nyusi. Hakuweza kufungua injini mpaka maseremala wapumzike. Kwa hiyo alifanya kazi saa yao ya chakula na siku za Jumapili, na muda uliobaki aliketi kwenye kopo la rangi akiwakodolea macho. Wateja walichoka kusubiri. Mwaka wa mwisho pale, wengi walikuwa wameshamkimbia, na mke wake alinidokeza kwamba kampuni moja ya mabasi inamtaka akawe mlinzi wa usiku, na kwamba anafikiria kukubali. Fundi kama yule, akalinde lango.

Alichokihitaji nilikuwa nacho mimi. Nyuma ya yadi yangu kuna chumba cha matofali, sakafu ya saruji, mlango mpana wa chuma na dirisha moja. Nilikitumia kuwekea matairi na viti vilivyopasuka. Aliomba mara tatu kukipanga. Mara ya tatu alikuja na mkewe, amevaa shati la kutokea. Niliwaambia matairi nayo yanahitaji makazi. Ukweli ni kwamba niliona jinsi alivyokitazama kile chumba, na kitu kinachotazamwa namna ile hukiachii kwa kodi ya kawaida. Unasubiri.

Nilichokuwa nakisubiri kilikuja na gari la bluu.

Gari lile lilikuwa la michezo, milango miwili, limeinama karibu kugusa ardhi, lina turbo na sauti ya kiburi. Nililipata kwa kubadilishana na pikapu zangu mbili nzuri, siku ambayo nadhani nilikuwa na homa. Miezi mitano lilikaa pale. Watu walikuja kupiga picha nalo, wakaliegemea, wakaniuliza linakunywa mafuta kiasi gani, wakaenda zao kununua magari ya kubebea saruji. Kisha akaja daktari wa meno.

Alikuwa mama wa makamo, viatu bapa, sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu. Aliliendesha mtaa mzima na kurudi. Akasema amelipenda, ila linapumua kama mtu mwenye mafua. Alitaka lile boksi la plastiki la filta, lililokuja na gari kutoka kiwandani, litolewe, lifungwe bomba pana la hewa lenye filta kubwa ya wazi, ili akikanyaga mafuta asikie turbo ikivuta. Alijua mpaka aina ya bomba. Jumamosi saa tatu asubuhi angekuja na hela yote. Ikiwa halijawa tayari, au lina kasoro, kuna yadi nyingine ina gari kama lile, na wao wanafungua saa nne.

Yadi hiyo naijua. Mwenye nayo tunasalimiana vizuri sana na hatupendani.

Nikamwendea Taratibu kwenye kopo lake la rangi. Nikamwambia: nanunua bomba, unalifunga wewe. Daktari akiondoka na gari Jumamosi, chumba cha matairi ni chako mwaka mzima bila kodi. Akiliacha, hupati kitu, na habari ya chumba hatuitaji tena maishani. Alifikiri kwa muda wa ubao mmoja kupigwa randa. Akasema anakubali kwa sharti moja: shuka likishatandikwa, mtu yeyote asiguse kitu kilicho juu yake, hata mimi. Nikampa mkono. Sharti la bure ni sharti zuri, nilijiambia.

Ijumaa asubuhi tulihamisha nusu ya matairi na kuliingiza gari mle chumbani. Kabla ya kazi alimwaga maji sakafuni akafagia mara mbili, akafuta mpaka dirisha. Nilimwona akipima ukuta kwa hatua zake, akidhani simwoni, akihesabu meza ya kazi itakaa wapi.

Kisha shuka likatandikwa. Alifungua waya wa betri. Akalegeza klipu za mpira, akachomoa bomba la zamani lililokunjika kama kiwiko, akang'oa bolti tatu, akanyanyua lile boksi jeusi na kulilaza kwenye shuka, upande wa kulia juu. Mdomo wa turbo ulipobaki wazi aliuziba kwa kitambaa cheupe kikubwa, mkia wake ukining'inia nje ili asikisahau. Akafungua boksi la bomba jipya, akapanga kila kilichomo: bomba la aluminiamu linalong'aa hata ungeweza kunyolea ndevu, mipira miwili ya bluu, klipu nne, filta nyekundu yenye umbo la pia ya kuchezea watoto, bati la kukinga joto. Alisoma karatasi ya maelekezo mpaka mwisho, hata pale penye lugha asiyoijua. Saa saba akanawa mikono na kwenda kula kwake, kwa kuwa mke wake alikuwa zamu ya jioni na hapendi kula peke yake.

Hakuwa hata amevuka barabara alipoingia muuza vipuri. Huyu tunaitana mtani. Tulianza biashara mwaka mmoja, mimi na vifuniko vyangu, yeye na taa zake za nyuma. Alikuwa anatafuta boksi la filta la gari la aina ileile. La mteja wake lilikuwa limepasuka. Nikamwonyesha mlangoni lile jeusi limelala kwenye shuka, akalipenda, tukavutana bei kidogo kwa ajili ya afya, akalibeba. Nilifurahi kweli. Takataka iligeuka pesa bila hata kufagiliwa. Kuhusu sharti la shuka, nilijiambia kwamba boksi lile kazi yake imekwisha, lina mrithi.

Taratibu aliporudi hakushika spana. Alichuchumaa mbele ya shuka akatazama upande wa kulia juu.

"Tajiri," akasema, "hapa palikuwa na boksi."

"Limepata mwenyewe."

"Limeondoka na mtoto mgongoni."

Nikamuuliza mtoto gani. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba juu ya bega la lile boksi kuna kidude cha ukubwa wa kiberiti, kimeshikwa na skrubu mbili, mafundi wanakiita sensa ya hewa. Ndicho kinachoiambia injini hewa imeingia kiasi gani ili ijue ivute mafuta kiasi gani. Bomba jipya haliji na kidude hicho. Limeachiwa kiti chake tu, na cha zamani huhamishiwa hapo. Bila hicho gari litawaka, litatetemeka, na litakohoa mbele ya daktari. Nikauliza kama hatuwezi kununua kingine. Akasema cha gari hili huagizwa, na hakiji kabla ya wiki mbili.

Aliangalia dirisha alilolifuta. Mimi nilikuwa nimeshafika langoni.

Kwa mtani niliingia polepole, nikijipepea kwa karatasi. Nikauliza bei ya vioo vya pembeni. Nikasifu rafu zake. Nikasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba lile boksi, unajua, labda ningelirudisha, nimelizoea, na ningeongeza kidogo juu. Mtani aliweka kalamu chini.

"Mtani, tangu lini wewe ukazoea boksi? Mwaka mzima nakuomba zile rimu zako nne, unaniambia haziuzwi. Leo naona zimeanza kuuzika."

Nikamwambia anaota. Akasema basi aendelee kulala. Rimu zile ndizo mali nzuri kuliko zote stoo kwangu, na alijua, na mimi nilijua kwamba amejua. Nilikuwa katikati ya kumwelezea jinsi biashara ilivyo mbaya mwaka huu ndipo Taratibu akaingia na ovaroli lake, akasalimia, akasema mambo yote mpaka mwisho.

"Kile kidude cha juu ya boksi ni cha gari la kesho. Tajiri aliliuza bila kujua. Bila hicho gari halitembei vizuri, na mnunuzi anakuja saa tatu."

Nilimtazama kama mtu anayeona nyumba yake inabomolewa na fundi aliyemlipa mwenyewe. Mtani alicheka mpaka akakalia bampa. Taratibu akamsubiri amalize, kisha akamuuliza mteja wake anahitaji nini hasa. Boksi, limepasuka. Na sensa yake mteja? Nzima. Kwa hiyo hii ya ziada utamuuzia nani?

"Huyu dada hapa," mtani akasema, "anayetokwa jasho."

Taratibu akatikisa kichwa kukubali kwamba hilo ni kweli. Kisha akasema: boksi baki nalo, nipe kidude, na Jumatatu nitakuja kumfungia mteja wako boksi lake kwa mikono yangu, bila malipo, lisitikisike. Mtani akaacha kucheka. Kila kitu anachouza, wateja humrudishia wakilalamika kwamba hakikai vizuri, kwa sababu wanakifunga kwa kamba na dua. Akafungua droo, akatoa bisibisi, akafungua skrubu zile mbili yeye mwenyewe.

Njiani nilimwambia Taratibu kwamba nilikuwa karibu kumweza mtani. Akasema ndiyo, kwa rimu nne. Tukatembea. Mbele kidogo akaniuliza tulikubaliana nini kuhusu shuka. Nikasema nakumbuka, ila makosa ni ya binadamu. Akatoa sensa mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa, akaikagua juani.

"Mwaka wa kwanza ni wa kufunga bomba," akasema. "Wa pili ni wa kulitafuta boksi."

Nikasimama. Nikamwambia mwaka na nusu. Akafunga kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, akakirudisha mfukoni na kukifunga kifungo. Watu walitupita kwa baiskeli. Nikasema miwili, lakini daktari asipolichukua gari, yote imekufa, wa kwanza na wa pili. Akasema ni haki. Nilikasirika mpaka kwenye kona. Baada ya kona nikaanza kucheka, nikageuza uso asinione.

Alasiri ile alimaliza. Sensa ilikaa kwenye kiti chake kipya, mipira ikavaa, klipu zikakazwa, kitambaa kikatoka kwenye mdomo wa turbo, bati la joto likasimama kati ya filta na injini. Shuka likabaki tupu, likakung'utwa. Akawasha. Kwangu mimi ilikuwa safi. Yeye akakunja uso, akachukua kipande cha mpira wa kumwagilia maua, ncha moja sikioni, nyingine akaitembeza kwenye kila kiungo kama daktari wa kifua. Kwenye klipu ya tatu akasimama. Akazungusha bisibisi nusu mzunguko. Akasikiliza tena, akazima.

Jumamosi saa tatu kasoro daktari alikuwa langoni. Tulimwekea gari juani. Akaingia, akalitoa taratibu mpaka barabara ya lami, kisha tukasikia. Ilianza kama mtu anavuta pumzi ndefu kabla ya kupiga mbizi, ikapanda, ikapanda, na alipoachia mafuta ikatoka pshuu moja ambayo iliwafanya maseremala, mtaa wa pili, wasimamishe randa. Mkewe Taratibu, aliyekuja na sare yake ya kufulia ili ajue hatima ya godoro lake, akasema hilo gari limeshiba.

Daktari alirudi anatabasamu, jambo ambalo sikujua analiweza. Akafungua boneti akachungulia muda mrefu, akagusa klipu kwa kidole kimoja. Kisha akauliza boksi la zamani liko wapi, maana anataka kulihifadhi, siku akichoka na kelele alirudishe.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, lina panya ndani yake na moto kidogo. Sikuwahi kulitumia.

"Limeuzwa jana," Taratibu akasema. "Ni kosa letu."

Daktari akafunga boneti. Mkewe Taratibu alishika mkono wa ovaroli la mumewe, na mumewe alikuwa anaangalia ule mlango wa chuma, si gari. Daktari akatazama saa. Akasema kwa sauti yake ileile ya ung'oaji kwamba bei ya boksi jipya la kiwandani anaijua, na kwamba itolewe kwenye bei ya gari, yote, ama sivyo ile yadi nyingine inafungua baada ya muda mfupi. Bei ya boksi jipya naijua pia. Alichonipa mtani hakitoshi kununua hata vibanio vya kifuniko chake. Nikafungua mdomo nivutane naye.

"Na wewe fundi," akaendelea, kana kwamba mimi nimeshakubali, "mtu anayesema kosa lake kabla sijaligundua, huyo ndiye nitakayemletea hili gari na lile la mume wangu. Nitakupata wapi?"

Taratibu alinitazama. Watu wote wakanitazama, na daktari alikuwa na kalamu mkononi.

"Chumba kile pale," nikasema. "Hahami mpaka miaka miwili iishe."

Basi mtani alipata boksi, na Jumatatu akapata fundi wa bure, na sasa anatangaza kwamba vipuri vyake vinakaa. Daktari alipata kelele alizozitaka kwa bei iliyopungua. Mkewe Taratibu alinunua shuka la maua, la kitandani, na akaapa kwamba likionekana gereji ataomba talaka. Taratibu alipata kuta nne. Kazi ya ulinzi aliikataa kwa simu, mbele yangu, kwa maneno mawili.

Mimi nilipoteza kodi ya miaka miwili na sehemu ya faida, na matairi yangu yananyeshewa. Nilichopata ni nafasi tupu pale lilipokuwa gari la bluu. Jumatano nikaijaza kwa gari dogo la abiria linalotoa moshi, nikamwita Taratibu kutoka upande wa pili wa uwanja aje alione. Akanyoosha kidole kwenye magari matatu yaliyosimama mbele ya mlango wake, moja likiwa la mume wa daktari, akaniambia nipange foleni. Nikapanga, kwenye yadi yangu mwenyewe.